Ng'ombe Waliotazama Kushoto

Ngokolo, Shinyanga
Alasiri, siku moja kabla ya treni

Mwanangu Minza,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako ng'ambo ya reli, na mama yako amekusindikiza ili usikae sana. Nimebaki peke yangu na nyumba iliyotulia. Vumbi linaelea katika mwanga wa dirisha na halitui. Begi lako liko mlangoni, limefungwa kwa kamba, na kila nikiinua macho naliona kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado hajaondoka.

Sitakuandikia habari za chandarua, maji ya kuchemsha, wala watu wa kuepuka stesheni. Hayo mama yako ameyasema mara tatu, na bila shaka shangazi yako anayasema sasa hivi mara ya nne. Mimi nina jambo moja. Nimelibeba miaka mitatu, na wewe umelibeba miaka hiyo hiyo, kama watu wawili waliobeba kitanda kimoja, kila mmoja na upande wake, na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba mikono imechoka.

Jambo lenyewe ni kitabu cha alama za ng'ombe.

Najua unakikumbuka. Hata hivyo nitakieleza tangu mwanzo, kwa utaratibu, kwa sababu mara zote nilizowahi kukieleza nilikieleza vibaya.

Nilipostaafu ualimu, Bwana Amirali alinipa kazi katika duka lake la vifaa vya ofisi, karibu na soko. Alikuwa amenunua kompyuta na printa yake, na alitaka mtu wa kuandika barua, mialiko na mihtasari ya vikao kwa Kiswahili kisichomtia aibu. Mke wake aliishonea ile kompyuta kifuniko cha kitambaa cheupe chenye ukingo wa lesi, na kila asubuhi nilikifunua taratibu, kama mtu anayemfunua bibi harusi. Watu waliingia dukani kwa kisingizio cha kalamu, wakasimama wakaitazama. Saa nane mchana, jua lilipokuwa limewafukuza wote barabarani, nilibaki na skrini ile ya rangi ya maji ya bwawa na mlio wa feni, na niliona maneno yakijipanga mbele yangu bila kufutwa kwa ufutio, bila doa, bila mstari kupinda. Nilikuwa nimefundisha sarufi miaka thelathini. Niliamini kwamba hatimaye nimepata mwanafunzi asiyekosea.

Mwenyekiti Shija alikuja katika majira hayo. Alitoka kijijini kwake, upande wa magharibi, njia ya kwenda Bugarama. Unajua hali ilivyokuwa. Mashimo ya dhahabu yalikuwa yamekusanya watu wengi, na watu wengi wanataka nyama. Ng'ombe aliyeibwa alfajiri alikuwa amekwisha kupikwa adhuhuri, na ngozi yake imezikwa. Kwa hiyo vijiji vilipatana: alama ya kila kaya iandikwe kitabuni, kitabu kipigwe muhuri, na nakala ikae mnadani. Asiyelingana na kitabu asiuze. Ushahidi wa mdomo haukutakiwa tena, kwa maana kila mwizi alikuwa na shemeji wa kumshuhudia.

Mwenyekiti alileta orodha ya kaya sitini na mbili katika karatasi za daftari. Kando ya kila jina alikuwa amekwaruza alama ya kaya hiyo, na chini yake ameandika mahali inapopigwa: paja la kushoto, paja la kulia, begani. Nikamwambia kwamba maneno nitayaandika, lakini michoro haiwezi kuingia katika mashine kwa kuiweka juu ya kioo. Akauliza nani ataiingiza.

"Binti wa Mwalimu," akajibu Bwana Amirali kutoka kaunta. "Juzi amenichorea birika ndani ya kompyuta. Nusura niite kikombe."

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuja kila siku baada ya shule, ukavua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyekuambia, ukakaa kwenye kiti changu. Mkono wako juu ya ile mausi ulitembea kama mtu anayempapasa ndama. Lakini ulikataa kuchora alama peke yake. Ulisema, kwa adabu, kwamba alama isiyokuwa juu ya ng'ombe haijui iko wapi. Mwenyekiti akacheka, akakuchukua Jumamosi mbili pamoja na shangazi yako katika pikapu ya kijiji, ukazunguka boma kwa boma na kalamu ya risasi. Ukarudi na karatasi sitini na mbili. Mwenye alama kwenye paja la kushoto ulimchora akitazama kushoto, ili paja hilo lionekane. Mwenye alama kulia ulimchora akitazama kulia. Dume la Mzee Jilala lilikuwa na mabaka saba, nawe uliyachora yote saba, na chapa ya jembe kwenye paja la kushoto.

Kisha yakaja yale matatizo ambayo wewe uliyavumilia na mimi niliyakasirikia. Nilipoongeza mstari mmoja wa maandishi, picha iliruka ikaenda ukurasa wa pili, na ng'ombe wa mtu akasimama juu ya jina la jirani yake. Nilipokwisha kuwarudisha wote mahali pao, nikachapa, yakatoka masanduku matupu. Kurasa nzima, majina yamenyooka, na kando ya kila jina sanduku lenye msalaba ndani. Nilikaripia printa. Bwana Amirali akaniambia kwamba kompyuta si mtoto wa darasa la tano, ukiifokea haiogopi.

Wewe ndiwe uliyegundua. Ulikuwa umehamishia michoro kwenye disketi ili nafasi ipatikane, na ule waraka wangu haukuwa umeibeba michoro hata kidogo. Waraka ulikuwa umeandika tu mahali ilipokaa. Ukanieleza hivi: "Baba, ni kama mtu anayesema ana ng'ombe ishirini, kumbe wote wanalishwa kwa mjomba wake. Ukienda bomani kwake unakuta miti mitupu." Nikaona fahari, lakini sikuionyesha. Nilikuambia useme "miti tu", kwa sababu mti hauwezi kuwa mtupu. Nakumbuka hilo kuliko ninavyokumbuka kama nilikushukuru.

Tukairudisha michoro. Ikachapwa nusu. Ng'ombe mmoja alitoka kichwa na miguu ya mbele, na mapaja yake yakatoka karatasi ya pili, kama aliyekatwa na bucha. Ukaipunguza ukubwa mmoja mmoja. Siku tatu. Ile printa ilipochapa bila kusita, sauti yake ilikuwa kama mvua ya kwanza juu ya bati, na ng'ombe walishuka mstari kwa mstari: pembe, nundu, mgongo, kwato. Sijui kama utanielewa nikisema kwamba niliwasikia wakitembea. Nilifumba macho nikanusa mavi ya ng'ombe na majivu, nikawa mtoto bomani kwa baba yangu.

Nilipoyafumbua, nikaona kitu ambacho sikukipenda.

Nilikuwa nimepanga picha upande wa kushoto wa kila ukurasa na maandishi upande wa kulia. Ng'ombe waliotazama kulia waliyaelekea maandishi. Waliotazama kushoto waliyapa matako. Mkufunzi wangu wa chuo, mtu mkali kuliko mimi, alitufundisha kwamba picha haiyapi maandishi mgongo. Ni utovu wa adabu kwa msomaji. Sikuwahi kuuliza sababu. Nililishika kama nilivyoshika kwamba sentensi huanza kwa herufi kubwa. Katika orodha ya amri za ile programu ya kuchorea kulikuwa na amri ya kupindua picha ubavu kwa ubavu, kama kioo kinavyofanya. Wewe ukiwa shuleni, niliwafungua mmoja baada ya mwingine wale waliotazama kushoto, nikawapindua, nikahifadhi juu ya zile picha zako. Kisha nikafuta maneno ya Mwenyekiti: "paja la kushoto", "paja la kulia". Niliona hayana kazi, maana picha inaonyesha. Neno lisilo na kazi ni uchafu. Nimelisema hilo darasani mara ngapi?

Basi ng'ombe wote wa kijiji kile wakatazama upande mmoja, kwa adabu. Na wote wakawa na chapa kwenye ubavu wa kulia.

Ulikuja jioni ukakuta kurasa zimepangwa mezani. Ulizipitia moja moja kwa kidole. Kisha ukasema polepole, "Baba, hawa wamegeuka."

Nilikujibu kwamba wamekaa vizuri.

"Lakini chapa nayo imegeuka, Baba. Ya Mzee Jilala kwa kweli iko kushoto."

Mwanangu, nilikuelewa. Nataka ulijue hilo leo, kwa sababu labda umejifariji kwa kudhani kwamba sikukuelewa. Nilielewa kabla hujamaliza sentensi. Lakini Bwana Amirali alikuwa pale, na wateja wawili, nami nilikuwa Mwalimu. Nilisema, "Mtoto hamsahihishi mwalimu wake mbele ya watu." Ukasema, "Samahani, Baba." Ukavaa viatu vyako.

Nilijiambia kwamba nitawarudisha kesho. Kesho yake Mwenyekiti alifika mapema kuliko tulivyopatana, akiwa na haraka ya gari. Alifunua kurasa mbili, akasifu, akapiga muhuri nakala zote juu ya kaunta, puu, puu, puu. Nilisimama pale nikitazama muhuri unavyopanda na kushuka. Ningeweza kusema. Kulikuwa na nafasi kati ya kila pigo na jingine.

Mzee Jilala ndiye aliyetangulia kwenda mnadani. Alikuwa na dume lile la mabaka na lingine jeusi. Mke wake, Mama Holo, alikuwa na ugonjwa wa macho, na daktari wa macho alikuwa amekuja katika hospitali ya misheni kwa juma moja tu, kama afanyavyo kila mwaka. Mzee alitaka kuuza dume Jumanne, Jumatano ampeleke mkewe. Karani wa mnada hakumfahamu. Kule wafanyabiashara na wachimbaji wametoka kila pembe, na hakuna amfahamuye mtu. Akafungua kitabu. Kitabu kikasema paja la kulia. Ng'ombe wakasema paja la kushoto. Mzee akaambiwa kwamba ameigiza chapa ya mwenye mali, tena hata kuigiza hajui. Watu wakamcheka. Alipowataka wamtume mtu kijijini kumuuliza yeyote, wakamjibu kwamba kijiji kimekwisha kusema, na muhuri wake ni huu hapa.

Alizuiwa siku nne. Mwenyekiti alipopata habari alikwenda mnadani mwenyewe, lakini karani hakutaka mdomo wake, alitaka karatasi kutoka kwa aliyekichapa kitabu. Ndipo akaja dukani, na vumbi lote la njia likiwa usoni mwake, akaniwekea kitabu mezani.

"Mwalimu, nani amekosea hapa?"

Wewe ulikuwa shuleni. Bwana Amirali alikuwa anahesabu bahasha, akaacha kuhesabu. Nikasema: "Mchoraji."

Neno moja tu. Sikusema "binti yangu". Lile neno nililoliteua lilikuwa na umbali ndani yake, kana kwamba mchoraji ni mtu fulani aliyepita njia. Nikaandika barua nzuri sana, isiyo na kosa hata moja, nikieleza kwamba michoro ilichorwa na mtu ambaye bado ni mwanafunzi, na kwamba kasoro itarekebishwa. Mzee Jilala akaachiwa pamoja na ng'ombe wake. Daktari wa macho alikuwa amekwisha kuondoka. Mwaka uliofuata alirudi, akaliokoa jicho moja la Mama Holo. Kwa lile jingine alisema kwamba wamechelewa.

Yaliyobaki unayajua, maana yalikuangukia wewe. Bwana Amirali alikutaka usiiguse tena kompyuta. Shuleni walipata wimbo; walikuuliza kila asubuhi, "Minza, mkono wa kulia uko wapi?" na waliokuwa wakali zaidi walikugeuza mabega ili wakuonyeshe. Mama yako alikuambia mtoto mzembe huliza kaya ya watu. Nilikuwa nimekaa pale, nakula. Ulinitazama mara moja. Halikuwa jicho la kushtaki. Ulitazama kama mtu anayengoja zamu yake ya kuchota maji. Nikainamia sahani, nawe ukainuka ukakusanya vyombo.

Nilingoja useme. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yako. Hukusema wiki ile, wala mwezi ule, na kadiri ulivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kuwa mkali. Pengine umewahi kujiuliza kwa nini mwaka ule nilisahihisha kila neno lililotoka kinywani mwako. Nilikuwa natafuta kosa lako moja la kweli.

Uliacha kuchora wanyama. Ukaanza kuchora visima, barabara, nyumba zinazotazamwa kutoka juu, kwa rula. Niliwaambia watu kwamba umekua.

Na nimekuwa nikiota. Si ndoto ya kutisha. Ni uwanda mpana, wa rangi ile ya skrini, hauna upepo. Ng'ombe wanashuka mstari kwa mstari kutoka juu, polepole, pembe kwanza. Hawaniangalii. Wakifika chini wanasimama, wananusa, kisha wanageuka mmoja mmoja kwenda walikotaka kwenda, na kila anayegeuka ananipita karibu kiasi cha kunigusa kwa joto lake. Nami nimeshika fimbo na siikumbuki kazi yake. Huamka nikiwa nimepumzika, na hilo ndilo huniumiza. Mtu mwenye deni kama langu hapaswi kupumzika ndotoni.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika leo na si mwaka jana. Ulipojaza fomu ya chuo cha upimaji, uliniachia mezani niitie sahihi ya mzazi. Nilipitia majibu yako nikitafuta makosa, kwa mazoea. Hayakuwapo. Kulikuwa na swali: je, mwombaji amewahi kuchora kazi yoyote iliyochapishwa? Ukaandika, "Hapana."

Nilikaa na ile fomu mpaka chai ikapoa. Michoro sitini na miwili. Sikukuta ndani ya neno lile uchungu wowote. Ulikuwa umeifuta kazi yako kwa mkono wako mwenyewe, vizuri, bila kuacha alama, kama nilivyokufundisha kufuta. Nikatia sahihi. Lakini tangu siku ile sikuweza kumsahihisha mtu, hata mtangazaji wa redio. Mama yako aliniuliza kama naumwa.

Juma lililopita niliposema nakwenda Kahama kufuata hati zangu, sikwenda kwa ajili ya hati. Nilipita Kahama nikaendelea mpaka kwa Mzee Jilala. Nilimkuta chini ya paa la zizi la ndama, anasokota kamba ya katani. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. Kisha akawageukia wajukuu. "Mwalimu wa mashine amefika. Waficheni ng'ombe asije akawageuza."

Wakacheka, naye akanivutia kigoda. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, yenye utangulizi na hitimisho, sikuyapata. Nikasema tu, "Mzee, mtoto hakukosea. Mimi ndimi niliyewageuza. Alinionya, nikamnyamazisha."

Aliendelea kusokota. "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Yule mtoto alishinda hapa asubuhi nzima. Alilizunguka dume langu mara mbili, akaniuliza kwa nini mkia wake una fundo. Mtu wa namna hiyo hakosei paja."

Nikamuuliza mbona hakusema wakati ule. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ningemwambia nani? Mwalimu ndiye alikuwa amesema."

Mama Holo alikuwa amekuja akasimama upande wangu wa kulia, kisha akahama akaja upande wa pili ili anione. Nilianza kumwambia habari ya jicho, akanikatiza kwa mkono. Alisema jicho ni lake na amekwisha kulizoea. Hata kuku amewajua upya. Kisha akauliza: "Mtoto umemwambia?"

"Bado, Mama."

"Basi umeanzia mwisho," akasema, akaenda kuninunulia soda. Sikuistahili ile soda. Niliinywa yote, kwa sababu alisimama pale akingoja chupa.

Kurudi nilipitia mnadani. Kitabu kipo, kimefungwa kwa uzi, kimechakaa, na hakikurekebishwa kamwe kama nilivyoahidi. Karani ni mwingine. Wafugaji wamezoea kumwambia kwamba katika kile kitabu husomwa chapa tu, si upande wake, naye hufanya hivyo, wala hajui sababu. Nikaomba niandike ndani ya jalada. Akasita, akasema kitabu cha watu hakiandikwi ovyo. Nikamwambia kwamba naandika jina langu tu. Niliandika kwamba michoro yote ilichorwa kwa usahihi na Minza, kwamba aliyeigeuza baadaye ni mimi, na kwamba yeye alinionya juu ya kasoro hiyo kabla kitabu hakijapigwa muhuri. Kisha nikapita ukurasa kwa ukurasa nikirudisha maneno ya Mwenyekiti kwa wino, nikinakili zile karatasi zake za daftari nilizokuwa nimezitunza: kushoto, kulia, begani. Ilinichukua mpaka ng'ombe wa mwisho wakaondoka na uwanja ukabaki na vumbi. Karani alinipa benchi, baadaye akanipa maji.

Mama yako nimemwambia asubuhi hii, ulipokuwa unafua. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Alipofika mwisho wa ungo alisema: "Miaka mitatu namwambia mwanangu atazame kushoto na kulia kabla hajafanya jambo. Kila siku akienda shule. Na wewe umekaa hapo hapo." Kisha akasema nisimwambie yeye, nikuambie wewe. Hilo ndilo alilokwenda kulifikiri njiani leo. Akiwa kimya kwa shangazi, usidhani amekukasirikia wewe.

Nimekuwa nikitafuta shauri la kukupa ili barua hii isiwe ya kujililia. Nina machache, na yote nimeyapata kwa gharama ya mtu mwingine. Huko uendako utachora mipaka ya mashamba ya watu ambao hawatakuwapo unapochora. Atakuja mtu aliyevaa vizuri, anayesema vizuri, naye atataka ramani ikae vizuri. Sikuambii umkatalie, sijui kama ningeweza kumkatalia mwenyewe. Nakuambia tu kwamba mimi nilikuwa mtu huyo, na kwamba moyoni hujisikii kama mtu mbaya siku unapofanya vile. Unajisikia nadhifu.

Na siku wewe utakapokosea, maana utakosea, kutakuwa na ile nafasi ndogo niliyokuambia, kati ya pigo moja la muhuri na jingine. Ni fupi, nami niliiona. Sina hakika kwamba mtu hujifunza kuiingia. Labda hujifunza tu kwamba ipo.

Sikuombi unisamehe kabla ya treni. Hilo lingekuwa kukupa kazi nyingine juu ya kazi. Wala sikuombi uendelee kuninyamazia kwa heshima. Heshima ile imenitosha.

Nilikuwa nimekusudia kuikunja barua hii na kuiingiza katika begi lako, katikati ya nguo, uikute ukiwa umepita Tabora na mimi siko. Nimeinuka hata nikashika ile kamba. Nikajiona tena nimesimama kaunta nikisema "mchoraji". Basi sitaiweka humo. Nitakupa mkononi. Utakaa kwenye kiti hiki, mimi nitakaa kwenye mkeka, na sitatoka chumbani mpaka uwe umefika mstari wa mwisho. Ukitaka kusema, sema kwa sauti unayoitaka, hata jirani akisikia. Leo sitasahihisha neno.

Nawasikia nje. Mama yako amekaa kimya na wewe ndiwe unayezungumza. Ingia, mwanangu.

Baba yako